Hesabu Iliyogawanyika kwa Tisa: Hotuba kwa Wanahekalu na Majirani



Kamati ya maadhimisho imetutaka sisi tunaoshika daftari za hekalu tuseme maneno juu ya uongozi katika kazi ya uhasibu, na hasa juu ya mtu aliyeanguka mwanzoni akainuka. Tulipoipokea kazi hii tulicheka kidogo. Mhasibu huitwa jukwaani fedha zinapopotea, na fedha zikionekana huombwa arudi ofisini kwake. Lakini tulipotafakari tuliona ya kuwa lipo jambo ambalo tunadaiwa kulisema mbele yenu, na deni hilo limekaa katika vifua vyetu muda mrefu kuliko inavyostahili. Tutalifikia. Tuvumilieni kwanza tupite njia ndefu, kwa sababu njia hiyo ndiyo iliyotufundisha kulisema.

Wengi wenu mmekuwa mkialikwa hapa usiku wa Diwali. Mmeziona taa, mmepokea prasad, na watoto wenu wameyajua majina ya peremende zetu kutuzidi sisi. Huenda hamjaziona zile daftari nyekundu zinazowekwa mbele ya sanamu za Lakshmi, Saraswati na Ganesh. Ibada hiyo huitwa Chopda Pujan, ibada ya daftari. Kwa Wagujarati mwaka mpya huanza siku inayofuata Diwali, na mfanyabiashara hufunga hesabu za mwaka uliopita na kufungua daftari jipya. Katika ukurasa wa kwanza huandika neno Shri mara nyingi, likipangwa kama mlima, na pembeni huandika Shubh na Labh, yaani heri na faida. Wazee walitufundisha kuutazama mpangilio huo: heri hutangulia, faida ikafuata. Duka ambalo mwenyewe aliyageuza maneno hayo lilijulikana hata kwa mtoto aliyetumwa sukari robo.

Tena tunaye Chitragupta, karani wa Yama, ambaye imeaminiwa kuwa huandika matendo yote ya mwanadamu bila kuruka hata moja. Jirani yetu Mwislamu aliposikia habari hiyo alitukumbusha malaika wawili waandishi wa mabegani, na jirani yetu Mkatoliki wa Rulenge akataja kitabu kitakachofunguliwa siku ya mwisho. Tukakubaliana wote watatu, tukinywa chai, kwamba hakuna dini tuijuayo inayomwona mwandishi wa hesabu kuwa mtu mdogo. Hata lugha hii tunayoizungumza imebeba mzigo huo: duka, pesa, laki, hundi na bima ni maneno yaliyovuka bahari kutoka upande wa Bara Hindi yakapata uraia wa Kiswahili siku nyingi kabla ya sisi wengine kupata wetu.

Sasa tuseme habari ya kijana mmoja aliyevuka bahari hiyo hiyo.

Mohandas Karamchand Gandhi alizaliwa Porbandar mwaka 1869. Sisi humjua kwa picha ya mzee mwenye fimbo na shuka nyeupe, na picha hiyo imemficha kijana aliyekuwa kabla yake. Kijana huyo alisoma sheria London, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1891, akarudi nyumbani huku ukoo mzima ukingoja matunda ya fedha zilizotumika. Alijaribu kazi Bombay. Katika kesi yake ya kwanza, kesi ndogo katika mahakama ya madai madogo, alisimama amhoji shahidi wa upande wa pili, na kichwa kikamzunguka. Hakupata swali hata moja. Aliketi, akamwambia wakala amtafute wakili mwingine, akatoka mahakamani haraka. Aliomba kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule, akakataliwa kwa kuwa hakuwa na shahada ya chuo kikuu. Baada ya miezi michache alifunga makazi yake Bombay akarudi Rajkot kuandika maombi na hati za watu, kazi aliyoipata zaidi kwa msaada wa kaka yake kuliko kwa sifa zake.

Mwaka 1893 kampuni ya wafanyabiashara wa asili ya Porbandar waliokuwa Afrika Kusini, Dada Abdulla na wenzake, ilimtaka aende kuwasaidia katika kesi yao kwa muda wa mwaka mmoja, kwa malipo ya pauni 105 na nauli. Yeye mwenyewe alikiri baadaye kuwa hakwenda kama wakili bali kama mtumishi wa kampuni. Meli yake ilitia nanga Lamu, kisha Mombasa, kisha Unguja, na hapo Unguja abiria walikaa siku kadhaa wakingoja meli nyingine.

Hapo Unguja ndipo tunapotaka mtulie kidogo. Katika kumbukumbu za maisha yake Gandhi anaeleza kwamba alikwenda mahakamani kutazama kazi inavyofanywa. Wakili mmoja Mparsi alikuwa akimhoji shahidi juu ya maingizo ya debiti na krediti katika daftari za hesabu. Kijana wetu, aliyesoma London, alisikiliza asielewe neno. Utunzaji wa vitabu hakuufundishwa shuleni wala Uingereza. Na kesi iliyokuwa ikimngoja, dai la pauni 40,000 baina ya wafanyabiashara wawili ambao tena walikuwa jamaa, ilikuwa kesi ya hesabu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Tunajaribu kuiona hali ya moyo wake katika benchi lile la Unguja. Alikuwa amekwisha kushindwa Bombay mbele ya watu, na sasa alikuwa anaelekea kushindwa mara ya pili, ugenini, kwa fedha za watu waliomwamini. Mtu wa namna hiyo ana njia mbili. Yapo maneno makubwa ambayo msomi huweza kuyavaa kama koti ili watu wasiuone upungufu wake. Wengi wetu tumelivaa koti hilo. Gandhi alifika kwa waajiri wake, akaketi na karani wa kampuni, na karani akaanza kumweleza kwamba hapa ametoa debiti na hapa ameweka krediti, na kila alivyoeleza ndivyo msikilizaji alivyozidi kupotea. Kulikuwa na kifupisho cha hati ya ahadi ya malipo ambacho hakukijua. Alikitafuta katika kamusi asikione. Ndipo alipomfunulia karani ujinga wake. Karani akamweleza. Kijana akanunua kitabu cha utunzaji wa hesabu, akakisoma, na akaanza kuielewa kesi.

Jina la karani huyo hatulioni likitajwa mara nyingi, na sisi tunaoshika kalamu za leja tunaona ni dhulma ndogo ya historia. Wakili wa London aliinama akajifunza kwa karani, na karani hakumcheka. Mengine yaliyofuata yalisimama juu ya saa hizo chache.

Maana Gandhi alipozifahamu hesabu aliona jambo ambalo mawakili wakubwa wa pande zote mbili hawakuwa na haraka ya kuliona: kesi ikiendelea mahakamani, gharama zitawala wote wawili. Aliwashawishi wakubali msuluhishi. Dada Abdulla akashinda, na mpinzani wake akatakiwa kulipa pauni 37,000 pamoja na gharama. Kulipa zote kwa mkupuo kungekuwa kufilisika kwa mdaiwa, na kwa wafanyabiashara wale kufilisika kulikuwa kama kifo. Basi Gandhi akarudi tena kwa mshindi aliyekuwa mwajiri wake, akamwomba apokee kwa mafungu kwa muda mrefu. Anasema kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko ile ya kwanza. Ilifanikiwa.

Mwaka 1894 Wahindi wa Natal walipoanzisha chama chao naye akawa katibu, alisisitiza stakabadhi itolewe kwa kila kiasi kilichoingia, hata kidogo namna gani, na miaka mingi baadaye alijivunia kwamba hesabu za mwaka ule zingeweza kuonekana zikiwa kamili. Tabia hiyo aliianza London akiwa mwanafunzi, alipoandika kila senti ya nauli na ya barua na kusawazisha hesabu yake jioni kabla ya kulala. Wale wanaouliza mtu kama yeye aliwezaje kuaminiwa fedha za mamilioni ya maskini wa India, na watazame hapo kabla hawajatazama penginepo.

Lakini sisi ni kamati ya hesabu, na hesabu ina pande mbili. Majirani zetu Waafrika mnajua, na sisi tunajua, kwamba katika miaka yake ya mwanzo Afrika Kusini Gandhi aliandika juu ya Waafrika kwa dharau, akidai Wahindi wasiwekwe pamoja nao. Kwa sababu hiyo mwezi Desemba 2018 sanamu yake iliondolewa katika Chuo Kikuu cha Ghana, Legon. Wako kati yetu walioumia kwa habari hiyo, na wako waliosema kuwa alibadilika alipokua. Alibadilika, ni kweli. Hata hivyo ingizo la zamani halifutwi kwa raba. Huandikwa ingizo jipya la kusahihisha, na yote mawili hubaki yakisomeka. Yeye aliyesawazisha hesabu zake kila usiku asingetutaka tufanye vinginevyo.

Tumevuka bahari, sasa turudi Kanda ya Ziwa.

Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, alianza maisha ya kazi kwa ukarani katika mgodi wa almasi wa Williamson huko Mwadui. Kisha akawa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika Mwanza. Hakuwa na mali, na chama chake kilikuwa kama mtumbwi kati ya meli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 malalamiko makubwa ya mkulima wa pamba yalihusu mizani. Wanunuzi na wenye vinu vya kuchambulia pamba walikuwa wengi wao Wahindi, ndugu wa babu zetu, na tungekuwa waongo kulipita jambo hilo kimya katika kitabu hiki cha kumbukumbu. Wakulima hawakuchoma vinu wala kuvunja maduka. Waliweka wapimaji wao wenyewe wenye mizani yao, mkulima akapima pamba yake kabla ya kuifikisha kwa mnunuzi, na akaenda akiijua ratili yake. Tofauti ya mizani mbili ilikuwa hoja ambayo hakuna hotuba ingeweza kuijibu.

Juu ya msingi huo wa ratili, Bomani na wenzake walijenga vyama vya msingi. Alikwenda Uingereza, Loughborough, kusomea ushirika, akarudi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria naye akiwa meneja mkuu. Kufikia mwisho wa muongo ule vyama hivyo vilikuwa vikikusanya karibu pamba yote ya kanda. Mwaka 1962 Bomani akawa Mwafrika wa kwanza kushika Wizara ya Fedha ya nchi hii. Aliyempokea wizara hiyo mwaka 1965 alikuwa Amir Jamal, Mtanzania wa asili ya Kihindi mwenye shahada ya biashara kutoka Calcutta na mbunge wa Morogoro kwa miaka mingi. Huwa tunawaambia vijana wetu, wanapolalamika kuwa nchi haiwaoni, wayasome majina hayo mawili kwa pamoja.

Na hapa tena upande wa pili wa leja. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika, na miongoni mwa yaliyoonekana ni upungufu wa watunza hesabu wenye ujuzi na wizi uliostawi mahali ambapo wanachama hawakuweza kuzisoma daftari zao. Shirikisho la Victoria likawekwa chini ya usimamizi wa serikali. Mwaka 1976 vyama vikuu vikafutwa nchini kote, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Sisi tunaona, na mtu anaruhusiwa kutupinga, kwamba meneja mkuu mmoja aliyesoma Loughborough hakutosha kama katika kila kijiji hapakuwa na mtu mmoja wa kutoa na kujumlisha bila woga. Serikali ililiona hilo mapema: Chuo cha Ushirika Moshi kilifunguliwa mwaka 1963, na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, ikaundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Shule hujengwa kwa mwaka mmoja. Mtu wa kuaminiwa huchukua muda zaidi.

Mkulima wa kahawa wa mkoa huu ana neno lake kwa hesabu isiyo ya haki: butura. Kahawa ingali ua, mtoto anadaiwa ada, mama ni mgonjwa, na mwenye fedha anaununua mti mzima kwa bei ya kikombe. Baadhi ya waliofanya butura walikuwa na ngozi kama yetu na baadhi walikuwa na ngozi kama ya muuzaji. Daftari la butura huwa halina makosa ya kujumlisha, na kwa hiyo mkaguzi wa hesabu angelipitisha. Tunalitaja ili vijana wanaosomea uhasibu wajue mapema kwamba urari kukubaliana si ushahidi kuwa kilichoandikwa ni haki.

Sasa tumefika kwenye deni letu.

Wapo mnaokumbuka mwaka tulipochangisha fedha za tangi la maji ya mvua na paa la ukumbi huu, ukumbi ambao watoto wa majirani husomea jioni. Michango ilipokelewa sehemu mbili, Ngara na Biharamulo. Kitabu cha stakabadhi cha upande wa Ngara kilikaa dukani kwa mmoja wetu kule, na daftari la fedha lilikaa hapa. Aliyetusaidia kuandika alikuwa kijana wa jirani, Mhangaza, mtoto wa mama mnayemfahamu wengi wenu, na kwa heshima yake hatutalitaja jina. Kijana huyo alikuwa ameanguka mitihani ya bodi mara mbili. Alirudi nyumbani kimya, na baadhi yetu tulimpa kazi ya kutuandikia daftari kwa moyo ambao tulidhani ni wa huruma. Leo tunajua huruma ile ilikuwa na kiburi ndani yake.

Tulipofunga hesabu, daftari la fedha lilionyesha shilingi 270,000 zaidi ya zilizokuwa benki. Kiasi hicho kingeweza kuezeka upande mmoja wa paa. Mkutano uliitishwa, na katika mkutano huo hakuna aliyesema neno mwizi. Hatukulihitaji. Tulisema "tumwombe kijana apumzike mpaka jambo lieleweke," na kila aliyekuwepo alielewa. Funguo za kabati zilichukuliwa mbele ya watu. Siku mbili baadaye mama yake alipita sokoni na watu wakapunguza sauti.

Kwa nini hatukutuma mtu Ngara kuleta kitabu cha stakabadhi? Tumejiuliza mara nyingi. Safari ni kupitia Lusahunga na Nyakahura, kwa basi, na kurudi kesho yake. Hakuna aliyeona haja, kwa sababu tayari tulikuwa na jibu. Mtu aliyeanguka mtihani mara mbili alikuwa jibu tosha.

Baada ya wiki tatu kijana alikwenda nyumbani kwa mzee wetu mmoja, ambaye wakati ule alikuwa ameachia shughuli zote na kuketi barazani. Alimwamkia, "Shikamoo mzee." Mzee akaitika, "Marahaba mwanangu." Kijana hakuomba kazi wala hakujitetea. Alisema tu, "Mzee, kile kiasi kinagawanyika kwa tisa."

Tuwaeleze wasio wa kazi hii. Ukigeuza tarakimu mbili zinazofuatana, ukaandika 63 mahali pa 36, tofauti itakayotokea daima hugawanyika kwa tisa bila baki. Ni kanuni ya zamani ya makarani. Haithibitishi kosa, kwa kuwa hata fedha zilizoibwa zinaweza kugawanyika kwa tisa. Lakini humwambia mtafutaji aanzie wapi. Mzee wetu aliijua kanuni hiyo kutoka kwa baba yake, aliyemfundisha kwa kumpiga kidole kwa rula katika duka la nguo. Akachukua kalamu: 270,000 kwa 9 ni 30,000. Akanyamaza. Kisha akamwita mjukuu wake, akamwambia aandae gari.

Walikwenda Ngara wawili, mzee na kijana. Kitabu cha stakabadhi kilipofunguliwa, jumla ya fungu moja la michango ilikuwa 1,360,000. Hati ya kuweka fedha benki ilisema 1,360,000. Katika daftari la fedha ilisomeka 1,630,000, na mwandiko wa mstari huo haukuwa wa kijana. Ulikuwa wa mmoja wetu wa kamati, aliyeandika jioni moja akiwa na haraka ya kwenda arusini. Hakuna senti iliyopotea. Fedha hizo hazikuwahi kuwapo.

Tulimwendea kijana nyumbani kwao tukamwomba radhi, tukapeleka sukari na unga, tukadhani yamekwisha. Alitupokea kwa adabu zote na mama yake akatupikia chai. Kisha akasema hataweza kurudi. Funguo zilichukuliwa mbele ya mkutano, alisema, na radhi imeletwa nyumbani ambako hakuna anayeiona. Aliomba jambo moja: kosa liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, lisomwe katika mkutano wa watu wale wale, na litajwe kuwa ni la nani.

Tuliona ametuomba kikubwa. Tuwe wakweli: tulikaa na ombi hilo miezi minne. Wapo waliosema tutalivunjia hekalu heshima mbele ya majirani. Mzee wetu aliuliza swali moja tu katika mabishano yale yote. Aliuliza, majirani wanafikiri nini sasa hivi? Likaandikwa. Likasomwa. Aliyeandika 1,630,000 alisimama mwenyewe akasema, na tangu siku hiyo hatujapata mjumbe wa kamati tunayemwamini kuliko yeye.

Kijana alirudi kabatini kwetu kwa mwaka mmoja. Alirudia mtihani, akaanguka somo moja, akarudia tena, akapita. Leo ni mhasibu mkuu katika taasisi moja ya mkoa huu, ana vijana kadhaa chini yake. Hatukumwomba ruhusa ya kumsifu na hangetupa. Tutasema tu tuliloambiwa na mmoja wa vijana wake, ambaye siku moja fedha za mkononi alizokabidhiwa zilipungua. Bosi wake hakumwita ofisini. Alifika mezani kwake jioni wenzake wote wakiwapo, akavuta kiti, akasema, "Tutoe stakabadhi tuzipange, mimi nitasoma, wewe utajumlisha." Walikaa mpaka saa tatu usiku. Upungufu ulikuwa wa kweli, ulisababishwa na mtu mwingine kabisa, na huyo naye alihojiwa faraghani, kwa stakabadhi mkononi.

Tumeulizwa kiongozi wa kweli katika uhasibu ni yupi. Vitabu vina majibu marefu. Sisi tuna kiti kile kilichovutwa mezani, na tunajua alikojifunza mwenye kukivuta, kwa kuwa siku alipokuwa yeye mezani hakuna kati yetu aliyevuta kiti.

Kuna mambo mawili ya kawaida ya kumalizia. Daftari la fedha la mwaka huu, pamoja na vitabu vya stakabadhi vya Ngara na Biharamulo, viko juu ya meza barazani, upande wa kushoto mnapotoka. Kila mmoja anaruhusiwa kuvifungua, mwanahekalu na asiyekuwa mwanahekalu. Ukurasa wa mwaka ule wa tangi umewekewa uzi mwekundu. Ule mstari wenye 1,630,000 bado unasomeka. Umepigwa mstari mmoja wa kalamu, na juu yake imeandikwa 1,360,000, tarehe, na sahihi mbili: ya mjumbe wetu, na ya kijana.

Chakula kiko tayari ukumbini. Tafadhali wazee watangulie.